Mnakula Fungu la Mgonjwa

Sikieni, watu wa Mbeya na Iringa, ninyi mnaojaza makanisa Jumapili mpaka vijana wanakaa nje juu ya matofali. Sikieni wa Mwanjelwa na wa Kihesa, wa Tukuyu na wa Mafinga. Nawajua, kwa maana mimi ni wa kwenu. Tumekesha pamoja kwenye matanga, tumekula wali wa msiba kwenye sinia moja. Mkishaliona jeneza hamna mfano kwa wema: mahindi yanatoka, kuni zinatoka, daftari la rambirambi linajaa kabla jua halijazama. Lakini huyo mliyemzika, alipokuwa bado anapumua, mlikula dawa yake.

Mtasema hamjala. Nipeni nafasi niwaeleze mlivyokula.

Dawa ya bei nafuu haidondoki kama mvua ya Rungwe. Mwaka 1993 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bohari ya Dawa, hii tunayoiita MSD, na mwaka huohuo wagonjwa wakaanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Wazee wanakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalikuwa bure, ila kufika miaka ya themanini bure hiyo mara nyingi ilikuwa bure ya rafu tupu. MSD inanunua kwa ajili ya nchi nzima, na anayenunua shehena hapati bei ya anayenunua boksi moja. Kisha inaziuzia hospitali, vituo vya afya na zahanati kwa bei ambayo duka la mtaani haliioni hata kwa ndoto. Maghala yake ya kanda yako hapahapa kwetu, moja Mbeya na jingine Iringa. Hospitali nayo inaongeza kidogo juu ya bei iliyonunulia, inamtoza mwenye uwezo, inaidai bima ya mwenye bima.

Hicho kidogo ndicho ninachotaka mkitazame. Tuseme, kwa mfano tu, hospitali imepata kopo la vidonge kwa shilingi 5,000, na bima ikalipa 7,000. Zimebaki 2,000. Fedha hizo zinarudi kwenye akaunti ya dawa, zikikusanyika na nyingine za namna hiyo zinanunua kopo jingine, na kopo hilo ndilo la bibi wa Isimani mwenye nimonia. Anakuja Februari, mahindi yakiwa bado machanga shambani na gunia la mwaka jana limekwisha. Hana kitu. Afisa ustawi wa jamii anamsikiliza, anapiga muhuri wa msamaha, na bibi anapewa dawa. Muhuri haununui dawa, ndugu zangu. Dawa ile imenunuliwa na akiba ya zile 2,000. Yeyote anayeichota, hata kwa kijiko, anachota kwenye sahani ya bibi huyo.

Katika nyanda hizi jambo hilo lina uzito kuliko sehemu nyingi. Tazameni ziliko hospitali za makanisa: Tosamaganga, Ilula, Ilembula, Chimala, Igogwe, Itete, Matema. Zilijengwa mlimani, bondeni, kandokando ya ziwa, kule ambako mgonjwa angebebwa kwa machela siku nzima kabla ya kuiona hospitali ya serikali. Wamisionari waliozijenga wamezeeka, wengi wamelala makaburini, na makanisa ya Ulaya yaliyokuwa yakituma makontena hayana tena waumini wa kuyajaza. Kinachoiweka hospitali ya namna hiyo wazi leo ni mishahara michache inayolipwa na serikali, malipo ya bima, na ile tofauti ndogo kati ya bei ya kununulia na bei ya kulipwa. Majirani zetu walilijua hilo mapema. Makanisa ya Uganda yaliungana mwaka 1979 kuanzisha bohari yao ya pamoja ya dawa, na ya Kenya yakafanya hivyo mwaka 1986, kwa sababu hospitali moja ya kijijini ikienda sokoni peke yake inanyolewa bila maji.

Hata Marekani, nchi tuidhaniayo haina maskini, ilibidi watunge sheria mwaka 1992: kiwanda cha dawa kinachotaka dawa zake zilipiwe na bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini sharti kiziuzie kwa punguzo hospitali zinazotibu maskini wengi. Na huko nako wanagombana mpaka leo juu ya jambo moja: ile tofauti inakwenda wapi? Zipo hospitali zinazolaumiwa kwamba zilipata punguzo kwa jina la mtaa wa wanyonge, kisha zikajenga kliniki nzuri kwenye mtaa wa matajiri. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ulafi huu ni wa Mbeya peke yake. Najua si wa Mbeya peke yake. Ila mimi sikutumwa Marekani.

Naanza na mlango wa nyuma wa stoo. Wewe uliyeapa kumhudumia mgonjwa, unayevaa koti jeupe lililofuliwa na mkeo, unajua boksi linavyotoka. Linaandikwa kwenye leja kwamba limetolewa kwa wagonjwa ambao hawakufika siku hiyo, wengine hawajawahi hata kuzaliwa. Jioni liko kwenye begi. Kesho liko dukani, ng'ambo ya barabara. Unasema mshahara hautoshi. Naamini hautoshi. Lakini hukwenda kuchukua kwa aliyekupangia mshahara. Umekwenda kuchukua kwa mtu mwenye malapa yaliyofungwa kwa waya.

Na wewe mwandika vyeti unayeandika dawa ambayo unajua haipo dirishani, ukijua pia kwamba ipo kwenye duka lenye jina la shemeji yako. Mgonjwa anakuita daktari. Anakuamkia hata kama umri wako ni wa mjukuu wake. Anatoka na karatasi yako ameishika kwa mikono miwili kama hati ya shamba, na wewe umeshampangia pa kunyonywa.

Niseme langu, nisijifiche nyuma ya yenu. Mama yangu ana shinikizo la damu. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kwetu ile inayouma mpaka kwenye kucha, nilimpeleka hospitali ya umma ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili. Saa tano dirisha la dawa likatujibu kwamba vidonge vimeisha, tukanunue nje. Nje ni hatua mia moja hivi, kupita bodaboda na wauza ndizi. Kijana wa duka aliniamkia kwa adabu, akainama, akatoa boksi kutoka chini ya kaunta. Rafuni kulikuwa na maboksi mengine. Hilo lilitoka chini. Nikalipa. Nilipofika barabarani nikaligeuza, nikaona herufi tatu: GOT. Serikali ya Tanzania. Herufi ambazo zimewekwa hapo makusudi ili kila anayesoma ajue kwamba dawa hiyo haiuzwi dukani.

Nilifanya nini? Nilizitoa karatasi za vidonge, nikalikunja boksi, nikalitia mkobani ili mama asilione. Niliogopa angerudi kule dukani, maana yeye ni mtu wa kusema. TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda Mbeya, ingetosha kupiga simu. Sikupiga. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na basi la kuwahi, nilikuwa na sababu zote ambazo ninyi mnazo. Wizi ule uliniuzia mimi. Bila mimi ungelala chini ya kaunta mpaka uharibike. Kwa hiyo mnaponiona nawakaripia, jueni kwamba nasimama kwenye shimo lilelile mlilosimama, na natamani tutoke.

Tuje kwenye msamaha. Nchi hii imesema wazi kwamba mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo watibiwe bila malipo. Maneno hayo, asiye na uwezo, yanasomeka vizuri kabisa kwenye tangazo la dirisha la wazee. Sasa wewe mzee wangu, shikamoo, nakuheshimu, lakini una nyumba tatu za kupangisha Soweto ya Mbeya na lori linalobeba viazi kutoka Uporoto kwenda Dar es Salaam. Siku ya kwenda hospitali unavaa koti lililochanika kwapani. Mwanao anakushusha mbali na geti ili gari lisionekane. Unakwenda kwa mtendaji akuandikie barua ya unyonge, na mtendaji anaandika, kwa sababu unamdai fadhila au kodi ya nyumba. Mmoja anayeingia kwenye mlango usio wake haonekani. Lakini mlipokuwa mmoja mmoja mkawa mia, akaunti ya dawa ilikauka, na mzee wa kweli kutoka Chunya alipofika akaambiwa asubiri mzigo wa robo ijayo. Anasubirije? Ugonjwa haujui robo ya mwaka.

Na kadi za bima! Kadi moja inatibu ukoo mzima. Shangazi anakwenda na kadi ya mpwa wake, jirani anaazima kadi kama anavyoazima jembe, na mhudumu wa mapokezi anatazama picha, anatazama uso, anaona si mtu yuleyule, ananyamaza. Tunaita utu. Tunasema, Mungu anajua moyo wangu, nilikuwa namsaidia mgonjwa. Lakini mfuko wa bima ukielemewa unachelewesha malipo ya hospitali, ama unapunguza bei unazozilipa, na hospitali ya kijijini ndiyo ya kwanza kukosa pumzi. Mliona Machi 2024, bei mpya za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, zilipoanza na hospitali kadhaa binafsi zikagoma kuwapokea wanachama. Siku zile kadi mfukoni ilikuwa plastiki tu. Siyasemi haya kuwaondolea lawama wakubwa, wao nitawafikia. Nayasema kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako.

Kumbukeni Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto. Shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja, mwaka mzima. Kwa mzazi wa Ipogolo mwenye mtoto mwenye selimundu, ile ilikuwa kamba aliyotupiwa mtu anayezama. Sisi tukaifanyaje? Watoto wazima hatukuwaandikisha. Tulingoja mpaka mtoto augue, aandikiwe upasuaji, ndipo tukakimbilia ofisi ya bima na hela mkononi. Bima ni chungu cha wengi: wazima wanaweka, mgonjwa anachota. Sisi tukaleta wachotaji peke yao. Mwaka 2023 usajili ule wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na wazazi wakaambiwa wawaandikishe watoto kupitia shule. Tukalia. Tukailaani serikali kwenye magenge ya chipsi. Msiba wa kujitakia.

Hata CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, tuliuona mzigo. Kadi ya harusi ya mtu mmoja mjini mara nyingi ni elfu hamsini, na tunaitoa. Tunaitoa kwa sababu jina letu litasomwa ukumbini. Nani atasoma jina la aliyeweka elfu thelathini kwa ajili ya homa ambayo bado haijaja?

Sasa wakubwa. Enyi wajumbe wa bodi za hospitali za makanisa, wengine mkiwa na kola shingoni na msalaba kifuani, hospitali mmekabidhiwa na marehemu waliozijenga. Punguzo la bei mnalipata kwa sababu mlisema mnatibu maskini. Kwa neno hilo mlifunguliwa mlango wa ghala. Basi fungueni vitabu vyenu mbele ya waumini mwisho wa mwaka, kama mnavyosoma matoleo ya Jumapili mpaka shilingi ya mwisho: tulinunua dawa kwa kiasi hiki, bima ikatulipa kiasi hiki, na tofauti imewatibu watu hawa wangapi wasio na kitu. Kama tofauti imekwenda kwenye vigae vya ofisi na mafuta ya gari la mwenyekiti, semeni hivyohivyo, kwa sauti ileile mnayohubiria.

Na ninyi wa halmashauri na wa wizara, deni mnalolilimbikiza MSD ni la nani? Mwaka 2014 MSD ilisimamisha kuzipa dawa baadhi ya hospitali kubwa za nchi hii kwa sababu ya deni la makumi ya mabilioni ya shilingi, na mgonjwa aliyekuwa kitandani siku hiyo hakuwa amekopa hata senti. Ghala linalodai haliwezi kununua shehena. Lisiponunua shehena, punguzo linakufa. Basi zahanati ya Kilolo inaagiza dawa kumi, inaletewa nne. Ule mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima kuanzia 2018, ulibuniwa kuziba pengo hilo: MSD wakikosa, kituo kinanunua kwa muuzaji mmoja wa mkoa aliyeshindanishwa na kupewa bei za makubaliano. Ni jambo jema, nalipongeza kwa moyo wote. Lakini mshitiri naye anataka kulipwa, na anayezoea kutolipa deni la ghala atashindwaje kutolipa deni la mshitiri?

Mnaona nimekasirika. Nina sababu. Watu wa nyanda hizi, kuliko Watanzania wengi, tunaishi kwa sababu bei ya dawa ilishushwa. Nani hapa hakuzika kaka miaka ya tisini? Vijiji vya Makete vilibaki na bibi na wajukuu. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zinagharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Hata mkuu wa mkoa asingeweza. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350. Wagonjwa waliandamana katika nchi nyingine, mawakili wakabishana, Mfuko wa Dunia ukaanzishwa mwaka 2002, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kuwapa watu wake dawa hizo bila malipo. Utafiti wa 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Asilimia hizo ni za watu walio hai. Wanalima parachichi, wanapasua mbao Sao Hill, wanaimba sauti ya tatu kwenye kwaya yako. Wako hai kwa punguzo la bei, hakuna neno jingine.

Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake kwa amri ya siku moja, wengi wao hawakulala. Walihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Walijua kwamba unafuu huu umeshikwa na mikono ya watu, na mikono huachia. Je, siku mikono ya mbali itakapoachia kabisa, ni mikono ipi itabaki? Hii yetu, iliyo na boksi la GOT mkobani?

Mnaniambia kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023, tungoje. Nami naingoja. Lakini mikono hiyohiyo ndiyo itakayoshika kadi mpya, leja mpya, funguo mpya za stoo. Endeleeni hivi, na nawaambia mtakachokiona: hospitali iliyojengwa na babu zenu kwa kubeba mawe kutoka mtoni itakuwa na dirisha la dawa lililopigiwa mbao, na maduka kumi mbele ya geti yakiwa yamejaa. Binti yenu atajifungulia njiani kuelekea mjini. Mtakuwa na fedha za jeneza, kama kawaida yenu.

Acheni basi. Kadi isiyo yako irudishe leo. Mzee mwenye nyumba tatu, lipa. Hata nusu, lakini lipa. Mhudumu wa duka, likija boksi lenye herufi zile, lirudishe lilikotoka na umtaje aliyelileta. Nami boksi langu nalipeleka TMDA, pamoja na jina la barabara lilipotoka, ijapokuwa nimechelewa.

Na wajumbe wa kamati ya kituo cha afya, ninyi niliowaweka mwisho kwa sababu mko karibu zaidi na lori. MSD wanaleta dawa mpaka mlangoni pa zahanati, na ninyi mmechaguliwa na kijiji muwe mashahidi wa mapokezi. Mmekuwa mkiitwa, mnanyweshwa soda, mnatia sahihi, mnarudi shambani. Lori linalofuata likipanda kilima, acheni majembe, nendeni kabla halijazimwa. Simameni penye mlango. Mwambieni mganga mfawidhi asome hati kwa sauti, jina la dawa na idadi yake, na mmoja wenu ayahesabu maboksi kwa mkono wake, moja baada ya jingine, hata kama dereva atanung'unika kwamba giza linaingia. Soda mtakunywa baadaye.